Askofu Aliyethubutu Kwenda Busia

Neno “thubutu” lina makali pande mbili: ni kujasiri, na pia ni kitisho. Thubutu uone! Agosti 1990, Waziri wa Leba, Peter Okondo, aliwaonya hadharani maaskofu Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke hai. Muge, aliyekwisha kupinga kura ya mlolongo na unyakuzi wa ardhi, alijibu kwa safari. Tarehe 14 alifika Busia, akakutana na wananchi. Alipokuwa akirejea Eldoret gari lake liligongana na lori, akafariki. Baadaye waziri alijiuzulu.

Wapo wanafunzi wangu, wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, wasemao kwamba alijitakia. Sikubaliani nao. Askofu akizuiwa kuingia sehemu ya nchi yake kwa kauli ya waziri, naye akatii, atamwambia nini muumini anayefukuzwa shambani mwake? Imani na amana, ndugu msomaji, zatoka shina moja. Muge aliwekewa watu amana.

Okullu naye hakunyamaza. Aliendelea kudai vyama vingi hadi Katiba ilipobadilishwa Desemba 1991.