Mtaalamu wa Sera za Walemavu Aanzie Mpakani

Askari aliyepata kushika zamu katika mpaka wa Busia hahitaji kuelezwa habari za baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Mwendeshaji wake ni mtu ambaye miguu yake ilidhoofishwa na polio au ajali. Shehena yake imefungwa kwa kamba, na pengine kijana anamsukuma kutoka nyuma pale uzito unapozidi nguvu za mikono.

Tumeikumbuka baiskeli hiyo kwa kuwa siku hizi wako vijana wanaosomea shahada za juu kwa nia ya kutunga sera za watu wenye ulemavu. (Zamani sisi waandishi tuliandika “vilema” tu, wala hatukuona haya.) Kwa maoni yetu, darasa lao la kwanza lingefaa kuwa penye kizuizi cha forodha.

Mfano tunao. Herbert Muyinda, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alisomea shahada ya uzamivu huko Copenhagen, na tasnifu yake ya mwaka 2008 ilihusu watu waliolemazwa na vita kaskazini mwa Uganda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na Susan Reynolds Whyte, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyole wa iliyokuwa wilaya ya Tororo, walichapisha maandishi yaliyozungumzia wenye baiskeli wa Busia. Busia nayo ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997.

Jambo walilolikuta ni hili: maafisa wa mpakani waliwalegezea masharti wenye baiskeli, na kwa ulegevu huo ulemavu ukageuka kuwa njia ya riziki. Mtu aliyehesabiwa kuwa mzigo wa ukoo akawa mchukuzi wa kutafutwa na wafanyabiashara.

Hapo ndipo mwanafunzi wetu atakapotoa jasho. Huruma ya afisa si sheria. Leo aliye zamu anampungia mkono apite. Kesho anakuja mwingine, anaamuru kamba zifunguliwe na kila kifurushi kikaguliwe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 35, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wao, na mwaka 2008 nchi hiyo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Maneno hayo ni mazito, lakini anayeyatia uhai au kuyaua ni mwenye sare aliyesimama juani.

Tena huruma yenyewe hushuka bei. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na ushuru kati ya Kenya na Uganda ukapunguzwa hatua kwa hatua. Bidhaa isiyotozwa ushuru haihitaji kuonewa huruma. Mwaka 2018 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia. Kisha mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya Korona, malori ya mizigo yaliruhusiwa kuvuka na wasafiri wa kawaida wakazuiwa. Hakuna aliyeihesabu baiskeli kuwa lori.

Askari naye asidhani kwamba hayo ni ya raia peke yao. Bomu la ardhini halichagui sare, na wenzetu waliorudi vitani bila mguu wanajua tofauti iliyopo kati ya kuhurumiwa na kupewa haki.

Lakini liko swali ambalo hata sisi linatutatiza. Endapo shehena iliyopitishwa bila kukaguliwa ni mali ya tajiri mwenye miguu yake miwili, na mwendeshaji amelipwa ujira mdogo tu wa kuivusha, je, afisa alimsaidia nani? Akiikamata, tajiri atapoteza mzigo mmoja. Mwendeshaji atapoteza kazi.