Kalibre 12: kuchagua choki mpya ya bunduki ya kuwinda si jambo la kukisia

Ni kipande cha bomba kisichozidi sana urefu wa kidole, kinachofungwa ndani ya mdomo wa mtutu wa bunduki ya marisau. Wawindaji wanakiita choki. Ndicho kinachoamua kama marisau yatafika mbele yakiwa pamoja ao yakiwa yametawanyika. Kikipotea ao kikiharibika, mwenye bunduki anatafuta kingine. Akikosea katika kuchagua, anaweza kupasua mtutu na hata kujiumiza mkono.

Katika nchi za Ulaya, swala hilo limepata uzito mpya tangu tarehe 15 Februari 2023. Siku hiyo, Umoja wa Ulaya ulianza kukataza marisau ya madini ya risasi katika maeneo oevu na ndani ya metre 100 kuyazunguka, kwa sababu ndege wa majini huyameza na kufa kwa sumu. Marekani ilikuwa imekwisha kuyakataza tangu mwaka 1991 kwa wawindaji wote wa bata na mabata bukini. Wengi wamehamia kwenye marisau ya chuma, na hapo ndipo choki za zamani zinaleta shida.

Kazi ya choki

Mtutu wa kalibre 12 una upana wa ndani wa karibu milimita 18.5. Choki inaufinya kidogo pale mwishoni. Mwaka 1866, fundi wa bunduki Mwingereza, William Rochester Pape wa mji wa Newcastle, alipata hati ya ugunduzi juu ya ufinyu huo. Kwa miaka mingi ulichongwa ndani ya mtutu wenyewe, na haukuweza kubadilishwa. Leo bunduki nyingi mpya zina choki za kuzungusha na kutoa, sawa vile mtu anavyofungua kifuniko cha chupa.

Vipimo vinajulikana kwa sehemu: wazi, robo, nusu, robo tatu na kamili. Robo inafinya karibu milimita 0.25, nusu karibu 0.5, na kamili karibu milimita 1. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini matokeo yake ni makubwa. Kartushi yenye marisau 100 ya madini ya risasi ikipigwa umbali wa metre 36 na nusu, choki kamili inatazamiwa kuingiza karibu 70 ndani ya duara la upana wa sentimita 76. Nusu inaingiza karibu 60, robo karibu 50, na mtutu ulio wazi karibu 40.

Wengi wanadhani choki iliyobana zaidi inaipa bunduki nguvu. Si hivyo. Choki inapanga tu namna marisau yanavyotawanyika. Kwa mnyama aliye metre 20, choki kamili inakusanya marisau mahali pamoja: ama mwindaji anakosa kabisa, ama nyama inaharibika.

Jambo la kwanza: meno

Anayenunua choki hapaswi kuanza na kipimo cha kubana. Anaanza na meno ya kuzungushia, maana kila kampuni ina yake, na wakati mwingine kampuni moja ina ya namna nyingi. Beretta ina Mobilchoke na Optima-Choke. Browning ina Invector, Invector Plus na Invector DS. Mossberg inatumia Accu-Choke kwa bunduki fulani na Accu-Mag kwa zingine. Zote zinaweza kuandikwa kalibre 12, lakini hazibadilishani ovyo. Kwa upande mwingine, Invector ya kwanza, Winchoke ya Winchester na Accu-Choke zina meno ya namna moja.

Jina la choki mara nyingi limeandikwa ubavuni mwa mtutu ao kwenye choki ya zamani yenyewe. Kama halisomeki, dawa ni kumpelekea fundi wa bunduki mtutu wenyewe apime. Choki inayoingia kwa nguvu, inayochezacheza, ao inayokwama kabla ya kufika mwisho, haifai.

Kuna hatari isiyoonekana kwa nje. Baadhi ya mitutu ya kisasa imepanuliwa ndani hadi karibu milimita 18.8. Ukingo wa nyuma wa choki unapaswa kuwa mpana kidogo kuliko mtutu. Ukiwa mwembamba kuliko mtutu, unabaki kama ngazi ndani ya njia, na marisau yanaugonga kwa kasi. Choki inaweza kung’olewa, na mdomo wa mtutu ukavimba ao kupasuka.

Jambo la pili: kartushi

Madini ya risasi ni laini, yanakubali kufinywa. Chuma ni kigumu, hakikubali. Kwa hiyo marisau ya chuma yakipita katika nusu, yanakusanyika karibu sawa na ya risasi yaliyopita katika choki kamili. Kanuni ya Ulaya ya upimaji wa bunduki inasema kwamba kartushi za chuma zenye nguvu nyingi, na zenye marisau yanayopita milimita 4, zisipigwe katika choki inayozidi nusu. Kartushi hizo zinahitaji pia bunduki iliyopimwa kwa ajili yake, yenye alama ya ua la yungiyungi. Mwenye bunduki ya zamani isiyo na alama hiyo anaweza kutumia marisau ya bismuti, ambayo ni laini zaidi kuliko chuma.

Wawindaji wa mashariki ya Congo wanaotumia chevrotine wanahusika pia. Hivyo ni vipira vikubwa, vingine vinapita upana wa milimita 8. Vikilazimishwa kupita katika choki kamili, vinasongana, vinapoteza umbo na kwenda kila upande. Watengenezaji wengi wanashauri choki zilizo wazi zaidi. Ni hivyo pia kwa kartushi yenye risasi moja nzima: mtutu wazi ao robo. Bunduki zinazotengenezwa na mafundi wa vijijini, kwa kawaida, hazina meno kabisa, na haifai kujaribu kuzifunga choki.

Alama zinazodanganya

Choki nyingi zina alama za nyota ao mikato midogo kwenye ukingo. Mnunuzi asiyezoea anadhani alama nyingi zinaonyesha kubana sana. Ni kinyume: mkato mmoja ni choki kamili, miwili ni robo tatu, mitatu ni nusu, minne ni robo.

Baada ya kununua, kinachobaki ni karatasi kubwa. Inawekwa kwenye umbali ambao mwindaji anapigia kweli, inapigwa, kisha matundu yanahesabiwa. Choki mbili zenye alama moja zinaweza kutoa matokeo tofauti, na hata kubadilisha aina ya kartushi kunatosha kuleta tofauti.

Bunduki isipigwe kamwe bila choki, maana meno ya mtutu yanabaki wazi na yanaharibika. Choki ipakwe mafuta kidogo, ikazwe, na iangaliwe tena kila baada ya mipigo michache, bunduki ikiwa haina kartushi ndani. Ikikwama, isigongwe kwa nyundo. Hiyo ni kazi ya fundi.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuna hatua inayotangulia hizo zote. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inamtaka mwindaji awe na kibali cha kuwinda, na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha inataka kibali cha kumiliki bunduki yenyewe.