Wastani wa Shule, Sekunde za Mtoto

Mkata, mji uliokulia kando ya lami ya Chalinze–Segera na ambao sasa ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, mzazi anayetafuta shule ya msingi ya serikali huuliza kwanza: wastani wao ukoje? Anaulizia darasa la saba. Lakini wastani huo unawahesabu waliofika chumba cha mtihani tu. Aliyeacha shule darasa la tano akaenda kuuza machungwa barabarani haushushi, pengine kaupandisha.

Asilimia zenyewe zina vituko vyake. Mwaka 2012, ulipoanza mtihani wa kuchagua majibu kwa kusiliba, waliofaulu nchi nzima walikuwa kama 31 kwa mia. Mwaka 2019 walipita 80. Kwamba watoto walizidi kujua kusoma kwa kiasi hicho ndani ya miaka 7, mimi siamini. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule bora, ila vijiweni orodha haijafutwa.

Asilimia zikipanda, mporomoko wa elimu yenyewe utazame ubaoni. Kwenye kona ya juu mwalimu huandika kwa chaki: Wav, Was, Jml, yaani wavulana, wasichana, jumla. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Gawa kipindi cha dakika 40: kila mtoto ana sekunde 53. Jml ikiwa 90, zimebaki 27, na ubao bado haujafutwa. Kusahihisha madaftari 90, dakika moja kila moja, ni saa moja na nusu kwa somo moja. Ndiyo maana unakuta daftari lina vema jekundu juu ya jibu lililokosewa.

Elimu bila malipo ya Januari 2016 ilijaza madarasa, na ni haki ya watoto wale kuwamo. Kilichodumaa ni ruzuku. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002 hesabu ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 za shule na 4,000 za vitabu. Enzi hizo zilikaribia dola 10. Leo hazifiki 5. Pengo linazibwa na michango inayopitia mlango wa uani: uji, mitihani ya majaribio, kambi ya darasa la saba. Hapo ndipo shule zinapoachana. Kwenye lami kuna wenye maduka na watumishi wa halmashauri. Huko ndani mzazi anasubiri mahindi yakauke. Mwalimu naye, akipangiwa huko, anatafuta uhamisho wa kurudi penye umeme na chumba cha kupanga. Simlaumu.

Ningekuwa naandikisha mtoto Mkata, ningeuacha wastani, nikaomba daftari la mahudhurio la darasa la kwanza la miaka 6 iliyopita na orodha ya watahiniwa wa mwaka huu, nikayahesabu majina.