Mjumbe Anapopungua Ubongoni: Kwa Nini Baadhi ya Wazee Wetu Husahau

Katika toleo hili tunapenda kujibu swali ambalo wahudumu wetu wanaotembelea wazee majumbani wametuuliza mara nyingi. Mzee anayerudia swali lile lile mara kumi, au anayetoka usiku kwenda kumtafuta mama yake aliyefariki zamani, je, amerogwa? Ni mkaidi? Au ni mgonjwa?

Jibu letu ni kwamba ni mgonjwa, na sehemu ya ugonjwa wake inaeleweka vizuri.

Asetilikolini ni nini?

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe usiku na mchana. Kati ya seli na seli kuna nafasi ndogo sana, na mara nyingi ujumbe huivuka nafasi hiyo kwa njia ya kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo huitwa asetilikolini. Seli ya kwanza huitoa, nayo huingia katika vipokezi vya seli ya pili kama ufunguo unavyoingia katika kitasa. Ikishafanya kazi yake, kimeng'enya maalumu huivunja ili njia iwe wazi kwa ujumbe mwingine.

Mwaka 1921 Otto Loewi, akiwa Graz nchini Austria, alitumia mioyo miwili ya vyura. Aliuchochea mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, nao ukapunguza mapigo. Kisha alichukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyaweka kwenye moyo wa pili, nao pia ukapunguza mapigo. Hivyo alionyesha kuwa ujumbe ulibebwa na kemikali, ambayo baadaye ilithibitishwa kuwa ni asetilikolini. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel.

Mjumbe huyu huendesha misuli, mate, tumbo na kibofu. Ndani ya ubongo hutusaidia kuwa makini na kuweka kumbukumbu.

Inapopungua

Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa zaidi cha ugonjwa wa kusahau uzeeni, yaani dimensia. Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza walipochunguza ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa huo, walikuta kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini kimepungua sana. Baadaye ilionekana kuwa seli zinazoitoa, zilizo chini ya ubongo wa mbele, zilikuwa zimekufa kwa wingi.

Dawa kama donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, ili ile kidogo iliyobaki ikae muda mrefu zaidi. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwa muda. Dawa hiyo haiponyi, kwa sababu seli huendelea kufa.

Wakulima wetu wanakijua kimeng'enya hicho bila kujua jina lake. Baadhi ya dawa za kuua wadudu shambani hukizuia kwa nguvu mno. Mtu aliyezivuta au kumwagikiwa nazo hutokwa na mate na jasho, macho hufifia na pumzi hubana, kwa kuwa mjumbe amezidi mwilini. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Jambo hili haliko mbali nasi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusisha wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ulikadiria kuwa asilimia 6.4 kati yao walikuwa na dimensia.

Hatari iliyo ndani ya mfuko wa dawa

Kuna dawa za kawaida zinazofunga vipokezi vya asetilikolini. Miongoni mwake ni baadhi ya vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama Piriton. Amitriptilini, inayotolewa kwa sonona na maumivu ya neva. Na benzeksoli, inayotolewa kliniki za afya ya akili. Kwa kijana huenda zisilete shida kubwa. Kwa mzee ambaye mjumbe wake amekwisha kupungua, zinaweza kukausha kinywa, kufunga choo, kuzuia mkojo na kumchanganya akili kabisa.

Tulimtembelea bibi mmoja aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kwa miaka mingi. Alikuwa akisahau kidogo kidogo, lakini katika wiki mbili tu akafika mahali pa kutomtambua binti yake. Majirani walianza kumtaja mchawi, na familia ilikuwa imeuza mbuzi ili impeleke kwa mganga. Mhudumu wetu aliomba kuona dawa zake. Alikuwa akimeza vidonge vya mafua kila siku ili apate usingizi, juu ya amitriptilini aliyopewa kwa maumivu ya miguu. Daktari alizibadilisha taratibu. Baada ya wiki chache bibi alimwita binti yake kwa jina. Bado anasahau, lakini yumo nyumbani mwake na watu wake wanamwelewa.

Tunaziomba kamati

Kwanza, kila anayemtembelea mzee aombe kuona dawa zote anazotumia, hata zile za kununua dukani, na kuziorodhesha kwa ajili ya daktari. Asimwachishe mtu dawa yoyote yeye mwenyewe, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kudhuru.

Pili, mzee akichanganyikiwa ghafla, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji mwilini vinaweza kuwa chanzo, navyo vinatibika.

Tatu, neno uchawi likitajwa, wazee wa mtaa wakae na familia mapema na kueleza haya tuliyoyaandika.

Kwa wafadhili wetu: nauli na mafunzo mnayowalipia wahudumu hawa ndiyo yaliyomfikisha mtu mlangoni kwa bibi yule kabla mambo hayajaharibika.