Mei Mosi Ilizaliwa na Wageni



Kila tarehe 1 Mei tunaandamana na mabango yetu. Sikukuu hii ilitoka wapi? Ilitoka Chicago, Marekani, ambako mwaka 1886 wafanyakazi waligoma wakidai kazi iwe saa nane kwa siku. Viongozi wao wengi walikuwa wageni, hasa Wajerumani. Bomu lilitupwa mkutanoni, na hadi leo haijathibitishwa nani alilitupa. Hata hivyo, mwaka 1887 watu wanne walinyongwa.

Tarehe 6 Juni 2025 maofisa wa uhamiaji walivamia sehemu za kazi mjini Los Angeles. Walifika kwenye ghala la nguo, na kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako vibarua husubiri kuchukuliwa. Wananchi wakatoka barabarani kupinga. Ndugu David Huerta, Rais wa chama cha SEIU katika jimbo la California, alikamatwa na kuumizwa, akawekwa ndani mpaka tarehe 9. Rais Trump alipeleka askari wa akiba, na baadaye askari wa majini 700, ingawa Gavana wa jimbo alikataa. Vyama vya wafanyakazi viliandamana katika miji mingi kudai Huerta aachiliwe.

Vyama hivyo havikuwa na msimamo huo tangu zamani. Mwaka 1986 sheria ilikataza waajiri kuajiri mtu asiye na karatasi. Shirikisho la vyama, AFL-CIO, liliiunga mkono, likidhani italinda mishahara ya wanachama. Mambo yakawa kinyume. Waajiri waliendelea kuwaajiri wageni, na wageni walipotaka chama, waliulizwa karatasi. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba mfanyakazi wa namna hiyo, hata akifukuzwa kwa sababu ya chama, halipwi mshahara aliopoteza. Basi mwajiri alipata mtu wa kumkandamiza kwa bei rahisi. AFL-CIO ilikuwa imekwisha kuliona kosa hilo, ikabadili msimamo mwaka 2000.

Mwishoni mwa 2005 baraza moja la Bunge lilipitisha muswada wa kuwafanya watu wasio na karatasi kuwa wahalifu. Tarehe 1 Mei 2006 mamia ya maelfu waliacha kazi wakaandamana, Los Angeles, Chicago na kwingineko. Viwanda kadhaa vya nyama vilifungwa siku hiyo kwa kukosa watu. Muswada ule haukuwa sheria. Lakini adui hakulala: Desemba mwaka huohuo watu wapatao 1,300 walikamatwa katika viwanda sita vya nyama.

Ndugu zangu, haya si ya Marekani tu. Mwaka mmoja tulipogoma shambani, nyapara aliwaita pembeni vibarua waliovuka mpaka. Akawaambia, "Ninyi hamna kitambulisho." Kesho yake walirudi kazini, na mgomo wetu ukafa. Sisi tuliwaita wasaliti. Lakini ni nani kati yetu aliyekuwa amewaandikisha katika chama? Hakuna.

Kila tawi lijiulize swali hilo kabla ya Mei Mosi ijayo. Anayechuma chai pamoja nawe ni mwenzako. Usipomtetea wewe, nyapara atamtumia.

Umoja ni nguvu.