Porti kongwe ya kompyuta iliyomchosha fundi stadi wa Linux

UKICHOMEKA Arduino kwenye kompyuta inayotumia Linux, papo hapo hutokea faili inayoitwa ttyACM0 au ttyUSB0. Wanafunzi wa uhandisi wanaijua vizuri, hasa ile siku inapokataa kufunguka na projekti ni ya kesho. Lakini hiyo 'tty' ni nini? Ni ufupisho wa teletype, mashine ya chapa iliyotuma na kupokea maandishi kwa waya kabla kompyuta hazijapata skrini. Mashine zenyewe ziliisha zamani. Jina likabaki, na mambo yake mengi pia.

Porti ya siriali hupitisha data biti moja baada ya nyingine, kama abiria wanaopanda matatu kwa mlango mmoja. Kasi iliyozoeleka ni biti 115,200 kwa sekunde. Kila baiti huchukua biti 10, yaani 8 za data, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Piga hesabu: baiti 11,520 kila sekunde. Chipu ya kitambo, 8250, ilikuwa na nafasi ya kuweka baiti moja tu iliyoingia, kwa hivyo ilibidi iisumbue prosesa kila baada ya maikrosekunde 87 hivi. Prosesa ikichelewa kidogo, baiti inayofuata inaifuta ya kwanza. Baadaye ikaja 16550A yenye foleni ya baiti 16, na prosesa ikapata kupumua.

Anayesimamia hekaheka hiyo yote ni draiva, kipande cha programu ndani ya keneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo wa kompyuta. Na kwa Linux, mambo ya siriali yapo tangu siku ya kwanza. Mwaka 1991 jijini Helsinki, Linus Torvalds alianza kwa kuandika programu ya kumuunganisha na kompyuta za chuo kikuu kupitia modemu. Kazi mbili zilipokezana: moja ikisoma kibodi na kupeleka kwa modemu, nyingine ikisoma modemu na kuandika kwenye skrini. Kutoka hapo keneli ikazaliwa.

Shida ya msimbo wa zamani ni kwamba kila mtu ameuegemea. Hata kama kompyuta yako haina porti ya siriali, ukifungua dirisha la kuandikia amri unatumia porti bandia inayopita njia ileile ya tty. Sehemu hiyo ilikuwa imejaa viraka, tena ikitegemea kufuli moja kubwa lililotumiwa na sehemu nyingi za keneli. Wengi waliikwepa. Alan Cox, mtaalamu kutoka Uingereza na mmoja wa wakongwe wa Linux, akajitosa. Kwa miaka kadhaa aliifumua na kuishona upya.

Julai 2009 mambo yakaharibika. Baada ya mabadiliko kwenye porti bandia, watumiaji wa Emacs waligundua kuwa maandishi ya mwisho ya programu inayofunga yalikuwa yakipotea. Upande mmoja ulifunga mlango kabla data iliyo njiani haijafika upande wa pili. Kosa ni la nani sasa? Cox aliona kuwa programu zenyewe zilitegemea jambo ambalo hazikuahidiwa. Torvalds hakukubali hata kidogo: programu iliyokuwa ikifanya kazi jana ikikwama leo kwa sababu ya keneli, basi keneli ndiyo yenye makosa. Majibizano yakawa makali, na Cox akaachia usimamizi wa tty. Greg Kroah-Hartman akaichukua.

Mimi naona sheria ya Torvalds ni nzuri, maana mtumiaji hana haja ya kujua siasa za keneli. Ila jamaa aliyekubali kazi ambayo wenzake waliikimbia ndiye aliyebeba lawama yote, na hilo linauma.

Kazi haikusimama. Mwaka 2010 Arnd Bergmann aliipa tty kufuli lake yenyewe, na mwaka 2011, kwenye toleo la 2.6.39, lile kufuli kubwa likaondolewa kabisa.

Kisha siriali ikaleta kisirani kingine. Keneli inapopata ajali, mara nyingi ujumbe wake wa mwisho hutolewa kupitia porti hiyo, na fundi huusoma ajue kilichotokea. Lakini kwa mwendo wa maikrosekunde 87 kwa kila herufi, mstari wa herufi 80 unachukua karibu milisekunde 7, huku kazi nyingine zikingoja. Kwa mashine za viwandani ambazo haziwezi kungoja, huo ni muda mrefu ajabu. Utoaji wa ujumbe huo ulikuwa miongoni mwa vizuizi vya mwisho kabla ya mfumo wa kufanya kazi kwa wakati maalumu, PREEMPT_RT, kuingizwa rasmi Septemba 2024 kwa ajili ya toleo la 6.12. Hata hapo, kazi ya kuzihamisha draiva za siriali moja moja hadi mtindo mpya ilikuwa bado inaendelea.

Msimbo wenyewe haujafichwa. Uko kwenye folda ya drivers/tty/serial, na kijana yeyote anayejua lugha ya C anaweza kuufungua leo jioni.