Majina ya Frere Town na Swali Lisilo na Jawabu

Waulizaji ni wengi ila swali ni lilelile: "Jina letu la ukoo ni adimu, hatumjui mwingine aliye nalo ghairi ya jamaa zetu, je, asili yetu ni nchi gani?" Na laiti muulizaji angekuja na swali peke yake, lakini aghalabu huja na jawabu lake mkononi, kwa kuwa hatafuti ilimu bali atafuta shahidi. Mwenye jina lenye sauti ya Kijerumani ataka niseme kuwa babu wa babu yake alikuwa Mjerumani. Mwenye la Kiingereza ataka Mwingereza. Mwenye nisba ya Kiarabu ataka nimtajie bonde la Oman alikotoka mzee wao. Na yuko hata aliyenishikilia, kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe, kwamba jina la Mbotela si ila Botelho la Wareno, eti kwa sababu Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na hawakosi kuwa wameacha kitu upande wa Kisauni. Nimelijibu swali hili kwa upole muda mrefu. Leo nalijibu kwa kirefu, nipate kupumzika.

Itikadi iliyo chini ya swali hili ni kwamba jina la ukoo hurithiwa pamoja na damu, na kwa hiyo likifuatwa nyuma kizazi baada ya kizazi litamfikisha mtu kwa mzee mmoja, wa mji mmoja na kabila moja. Itikadi hii ni batili katika Mombasa bara kote, tangu Likoni hata Changamwe, na katika Kisauni ubatili wake wathibitika kwa taarikhi na kwa watu wanaojulikana. Jina la ukoo ni kama muhuri wa posta: huonyesha barua ilipopigiwa muhuri, wala halionyeshi ilikoandikwa.

Mchukue Matthew Wellington, aliyefariki Mombasa mwaka 1935 akiwa mzee wa kuheshimiwa. Jina lake likitiwa katika mitambo ya siku hizi litamletea mtafutaji yule jemadari aliyemshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815, na mji mkuu wa New Zealand, na picha za gambuti. Bali mtu mwenyewe alikuwa Myao, na jina alilolikuta kwa wazazi wake ni Chengwimbe. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa, akapakiwa jahazini, jahazi likanaswa na manowari ya Kiingereza, naye akapelekwa hata India, kwenye shule ya misheni ya Kiingereza ya CMS huko Sharanpur karibu na Nashik, na huko ndiko alikoandikwa kwa jina tumjualo nalo. Kisha akarejea Afrika katika kundi lililotumwa kumsaidia Dr Livingstone, akawa miongoni mwa wale walioibeba maiti yake, baada ya kufa mwaka 1873, kutoka kijiji cha Chitambo hata pwani ya Bagamoyo, na hatimaye akafanya maskani Frere Town, makazi ya misheni hiyo huko Kisauni. Katika msafara huohuo alikuwamo Jacob Wainwright, naye Myao, naye mwanafunzi wa Nashik, ambaye aliifuata maiti mpaka Uingereza ikazikwa Westminster Abbey mwezi wa Aprili 1874. Na alikuwamo James Chuma, Myao vilevile, ambaye Livingstone alikuwa amemwacha Bombay asome katika shule ya Dr John Wilson, naye hakunyang'anywa jina la kwao bali aliongezewa James tu. Basi tazama: Wayao watatu, wa balaa moja na kazi moja, ila mmoja akabaki Chuma, wa pili akawa Wainwright na wa tatu akawa Wellington, wala si kwa kuwa damu zao zilitofautiana, bali kwa kuwa waliowaandika walitofautiana.

Wala desturi hiyo haikuzuliwa Nashik. Nusu karne kabla yake, huko Sierra Leone, misheni ileile iliwapokea watoto waliookolewa katika merikebu za watumwa, na wafadhili wa Uingereza waliotoa fedha ya kumlea mtoto waliruhusiwa kumchagulia jina. Ajayi, Myoruba aliyeokolewa mwaka 1822, alipobatizwa mwaka 1825 aliitwa Samuel Crowther kwa kumkumbuka kasisi mmoja wa London, akaishi hata akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Kiingereza. Sijasikia kuwa wajukuu zake waliwahi kwenda London kudai urithi wa yule kasisi.

Madhali wenye maswali ya Kijerumani ndio wasiochoka, nawageukia wao. Mwaka 1864 waliletwa Rabai, kumsaidia mmisionari Rebmann, wale Wabombay wa kwanza, yaani Waafrika waliookolewa utumwani wakalelewa India, nao ni George David, Ishmael Semler na William Jones, pamoja na wake zao. Na katika Wabombay wa pwani hii alitokea baadaye James Deimler, aliyekuwa kasisi. Sasa Deimler lilikuwa jina la J. G. Deimler, mmisionari Mjerumani wa misheni ya Kiingereza aliyefanya kazi Bombay, na aliyewasimamia Waafrika wa huko alikuwa Isenberg, Mjerumani mwingine, ambaye kabla ya hapo alikuwa Uhabeshi pamoja na mmisionari Krapf. Naam, Wajerumani wamo katika hadithi hii, na hakuna aliyewakana. Ila walikuwamo darasani na penye maji ya ubatizo, hawakuwamo katika nasaba. Na huyo William Jones, ambaye pamoja na Semler alipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, kisha mwaka huohuo akafuatana na askofu katika safari iliyomwua Busoga, na ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia, je, tumtafutie ndugu katika milima ya Wales? Huko wako watu wa jina la Jones wasiohesabika, na hapana hata mmoja anayemhusu.

Yaliyofanyika India yalifanyika na hapa petu. Frere Town, iliyopewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 katika shauri la mkataba uliofunga masoko ya watumwa ya Sayyid Barghash, ilianzishwa na William Salter Price kwenye ardhi ya Kisauni mwaka 1875, na walioteremshwa hapo na manowari walikuwa mchanganyiko wa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wasiosikilizana ila kwa Kiswahili. Rabai nako walikimbilia watoro wa mashamba ya pwani, na wakati wa njaa ya Mwakisenge, mnamo 1884, wakaja Wamijikenda waliotafuta chakula. Katika watu wa namna hiyo yaweza kutokea, na ilitokea, kwamba wawili wasio na udugu wowote wakaitwa jina moja, na ndugu wawili wakaitwa mbalimbali. Anayeniambia kuwa jina ni burhani ya damu anieleze kwanza haya.

Nimalize habari ya Mbotela, kwa maana ni jina adimu kwelikweli na taarikhi yake yajulikana kuliko nyingi. Mzee wa kwanza alikuwa Myao wa nchi ya Nyasa, akauzwa, akaokolewa baharini, akateremshwa Frere Town, na jina lake la Kiafrika halikufutwa. Mwanawe, James Juma Mbotela, ndiye mtungaji wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa London mwaka 1934. Katika familia hiyo alitoka Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba 1952, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, ambaye sauti yake katika kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? hakuna Mkenya wa umri wangu asiyeijua mpaka alipofariki Februari 2025. Mreno hayumo. Kufanana kwa sauti mbili si ithibati ya kitu, na kama kungekuwa ithibati, basi kila Charo wa Ganze angekuwa Mhispania.

Lakini jina hilihili lafaa pia kufunua upuuzi wa zile ramani za mtandaoni, ambazo mtu hutia jina lake, zikamwonyesha rangi nyekundu mahali fulani, naye akaja kwangu mbio akisema amepata kwao. Baada ya kuuawa Tom Mbotela mtaa mzima wa Nairobi, kando ya barabara ya Jogoo, uliitwa Mbotela, na tangu hapo jina hili huandikwa kila siku katika anwani, matangazo na risiti za watu wasio na nasaba nalo. Mtambo unaookota maandishi utasema ukoo huu ni wa Nairobi. Hata wenye jina wenyewe, wengi wao hawakubaki Kisauni, kwa kuwa watoto wa misheni walijua kusoma mapema, wakachukuliwa kuwa makarani, walimu na watu wa simu za upepo, wakaifuata reli iliyoanzia hapa petu mwaka 1896 mpaka Nairobi na Uganda, na hata chuo cha kuwafundisha makasisi kilihamishwa kutoka Frere Town kikapelekwa Limuru mwaka 1930. Mtawanyiko wa majina haya ni ramani ya ajira, si ramani ya mizizi.

Na kwa majirani zetu Wagiriama mtambo hupotea zaidi, kwani mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, basi Charo humzaa Karisa, na Karisa humzaa Charo, na kile ambacho karani amekiandika mahali pa jina la ukoo ni jina la baba tu, lililogandishwa siku mtu alipochukua kipande, yaani kitambulisho cha serikali ya kikoloni. Sheria ya vipande ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kushika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kabla yake wengi katika bara hii hawakuwa na jina la ukoo la kuandikwa, walikuwa na mlango na mbari, mambo ambayo fomu ya serikali haikuyawekea nafasi.

Kuhusu nisba nitakuwa mfupi, si kwa sababu sina la kusema. Ziko zenye hati zisizo na shaka, kama Mazrui, walioitawala Mombasa mpaka mwaka 1837 na asili yao ya Oman haibishaniwi. Ziko za mahali, kama Kilindini na Changamwe, ambazo pamoja na Tangana ndizo Thelatha Taifa, na hizi hukujulisha mtu alihesabiwa pamoja na nani, wala hazikujulishi mama zake walitoka wapi. Na ziko ambazo mawali alizipata kwa bwana wake aliyemwacha huru. Serikali ya kikoloni ilipowagawanya watu mafungu, wenyeji huku na wasio wenyeji huku, na kodi na haki zikatofautiana kwa mafungu hayo, nisba nyingi zilitoka sandukuni zilikokuwa zimelala, na nyingine zilishonwa upya. Auzaye shajara ya nasaba iliyotiwa lamineti, yenye simba na mapanga mawili, ameuza karatasi.

Basi afanyeje mtu? Aache kuuliza "la wapi" aulize "liliandikwa lini, na nani". Aanze na wazee, na awaulize majina ya mabibi kabla ya mababu, maana ya mabibi hayakuandikwa na hufa kwanza. Akiwa Mkristo, aende kwenye daftari za ubatizo na ndoa za Emmanuel huko Frere Town na za kanisa la Rabai. Barua na taarifa za misheni ya CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za Wamethodisti wa Ribe na Jomvu ziko SOAS, London. Akiwa Mwislamu, daftari za kadhi, na kwa yeyote ambaye wazee wake walidai shamba la pwani chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, zile faili za madai, kwa sababu mdai hutajwa humo kwa baba na mara nyingine kwa babu. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi, mtu yeyote aweza kuomba kusoma. Kipimo cha mate kitakuonyesha jamaa wa mbali na pande za Afrika ambazo damu yako yafanana na watu wake. Hakisomi majina, usikilipie kwa ajili hiyo. Na asiyelipenda jina alilopewa aweza kulibadilisha kwa hati ya kisheria ikatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, wala hahitaji ruhusa yangu.

Nina haja moja kwa wasomaji. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwagawia watoro waliokuwa wamekimbilia misheni vyeti vya uhuru zaidi ya 1,400, baada ya mabwana wao kukubali fidia. Kwa nasaba nyingi za upande huu wa bahari, karatasi kama hiyo yaweza kuwa ndiyo maandishi ya kwanza yaliyowahi kuwataja wazee wao. Wako wanaozificha kwa haya, wakidhani ni aibu ya babu, ilhali aibu ni ya aliyemuuza. Aliye nayo masandukuni, awe Kisauni, Rabai, Ribe au Jomvu, namwomba aipige picha mbele na nyuma, na nakala moja aipeleke Hifadhi ya Nyaraka kabla mchwa hawajaimaliza.